Kitasa cha Mlango wa Choo

Ujumbe uliingia Jumatano usiku nikiwa naosha vyombo: "Shoga, Jumapili ijayo karibu kibandani kwetu. Tumehamia hivyo hivyo."

Kibanda chenyewe ni nyumba ya vyumba vitatu na sebule huko Kibada, Kigamboni, iliyomchukua shoga yangu na mumewe miaka saba. Sijapata kumsikia mtu mwenye adabu zake akisema "karibuni kwenye nyumba yangu nzuri". Hata aliyepandisha ghorofa husema kibanda. Lakini hiyo "hivyo hivyo" haikuwekwa kwa adabu. Hiyo ni taarifa. Inamaanisha bati lipo na madirisha ya mbele yapo, ila ya nyuma yamezibwa kwa mbao. Sakafu ni jamvi tupu la zege. Dari hakuna, ukilala chali unahesabu kenchi. Njoo, ila usije na macho ya kukagua.

Nikamjibu "Hongera sana shoga, nakuja", nikaweka simu kando, nikaanza kujiuliza nitabeba nini. Nilikuwa na elfu sitini ambayo haikuwa na kazi nyingine. Nikadhani hiyo ndiyo sehemu ngumu, kuwa na elfu sitini. Kumbe.

Wengi wetu hatuhamii nyumba iliyokwisha, tunahamia nyumba inayoendelea. Unanunua kiwanja, mwaka mzima unamalizia deni lake. Unapiga msingi, hela inakata, majani yanaota mahali patakapokuwa chumba cha watoto. Unarudi na tofali, unafika lenta, unasimama tena. Boma linakaa bila paa masika mbili, tatu, mpaka mbuzi wa jirani wanalizoea. Halafu siku moja unapaua, na wiki hiyo hiyo mwenye nyumba unayopanga anakukumbusha kodi ya miezi sita. Unapiga hesabu. Miezi sita ile ni milango miwili na madirisha ya sebuleni. Unatafuta Kirikuu, kile kigari cha mizigo, unafungasha, unahama.

Najua kwa sababu nami nilihamia hivyo hivyo, Chanika, mwaka 2018. Watu walikuja, walikula, walileta zawadi. Nilipata saa za ukutani nne. Nilipata seti za glasi tano, zile za sita sita na jagi lake. Nilipata picha kubwa ya maporomoko ya maji yenye taa ndani, ambayo ukiichomeka maji yanaonekana kama yanatembea. Sasa, ukuta wa tofali usio na plasta haupokei msumari vizuri. Ukiupiga kwenye tofali unakunja, ukiupiga kwenye maungo ya saruji unatoa kipande. Saa tatu zilikaa chini ya kitanda zikigonga kila moja kwa wakati wake. Glasi zilikaa kwenye maboksi yake miaka mitatu zikisubiri kabati, na kabati lilikuwa linasubiri sakafu, na sakafu ilikuwa inasubiri mshahara.

Sisemi hivi kwa kukosa shukrani. Waliozileta walikuwa wanaiona nyumba yangu ya miaka kumi mbele, na kuna upendo katika kumwona mtu hivyo. Hata mambo ya kupamba kwa vyombo si mageni pwani hii. Katika nyumba za mawe za Lamu ya zamani, kuta za ndani zilijengwa na zidaka, vile vishubaka vya plasta iliyochongwa, na humo waungwana walipanga sahani na bakuli za kaure zilizovuka bahari kutoka Uchina. Kabati la vioo la sebuleni kwetu leo, lenye glasi zisizonywewa, ni mjukuu wa kidaka. Ila kule kidaka kilitangulia sahani. Sisi tunaleta sahani kwenye ukuta ambao haujapigwa hata plasta.

Zawadi niliyoitumia siku ile ile ililetwa na rafiki wa kaka yangu: mpira wa maji, mita thelathini, umeviringwa na kufungwa kwa kipande cha kamba ya katani. Hakuna karatasi, hakuna utepe. Nilipompokea nilicheka kwa heshima, moyoni nikasema huyu kijana kapita dukani njiani akabeba alichokiona. Mpira ule ulileta maji kutoka bomba la jirani kwa miezi kumi na moja. Ulimwagilia sakafu ilipopigwa, uliosha gari la shemeji, na mpaka leo upo, umeungwa mara mbili. Mwenye picha ya maporomoko nimemsahau jina, Mungu anisamehe. Mwenye mpira namkumbuka kila nikimwagilia mchicha.

Kwa hiyo Alhamisi nilikwenda Kariakoo na wazo moja: sitanunua saa.

Nilianza na khanga, kwa sababu khanga haikosei. Ndivyo nilivyodhani. Doti moja haihitaji ukuta wala kabati, inavaliwa, inabebea mtoto, inafunikia sinia la pilau. Tatizo la khanga ni kwamba inasema. Muuzaji alinitolea ya kwanza, rangi nzuri ya samli na maroni, akaniambia, "Dada, hii inatoka sana." Nikasoma jina: HASIDI HANA SABABU. Nikamwona shoga yangu akiianika kwenye kamba wiki ya kwanza, mbele ya majirani ambao bado hawajamjua hata jina la mwanawe. Wataulizana hasidi ni nani kati yao. Nikairudisha. Akatoa ya pili: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Hiyo ndiyo kabisa, unahamia mtaa na tangazo la vita.

Nilikaa pale karibu saa nzima nikisoma khanga kama mtu anayesahihisha mitihani. Muuzaji alikuwa mvumilivu, akanionyesha mpaka zile zenye MALI YA ABDULLA pembeni, za ile nyumba ya biashara iliyoanza Mombasa mwaka 1887, akisema hizo ndizo wazee wanazitambua kwa kuzishika tu. Mwishowe nikakuta moja ya bluu na nyeupe: SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Nikakumbuka kwamba kwenda kwake nitapanda pantoni. Nikacheka peke yangu, nikalipa.

Lakini khanga peke yake ilinikaa kama nusu ya zawadi. Khanga ni yake yeye mwanamke. Nyumba je?

Nilifikiria LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mdogo wangu alinipa wazo hilo, na si baya. Mtu aliyetoka kumaliza hela zote kwenye nyaya na fundi umeme, ukimwekea uniti za mwezi mzima umempumzisha kweli. Ila lina mitego yake. Unahitaji namba ya mita, tarakimu kumi na moja, na ukimwomba mtu namba ya mita yake umeshamwambia zawadi. Halafu tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo ukimnunulia mwanzoni mwa mwezi, sehemu ya zawadi yako inapita moja kwa moja serikalini. Na mwisho wa yote unachokabidhi ni tarakimu ishirini kwenye simu. Siku ya pili amezibonyeza, siku ya ishirini na tano zimekwisha, hakuna anayekumbuka.

Mti, basi. Mimi ni mtu wa miti, na pale kando ya barabara wanakopanga miche kwenye viroba vyeusi huwa sipiti bila kusimama. Mwembe wa kubebesha unazaa mapema, miaka mitatu minne tu, wakati wa kokwa utausubiri mpaka mtoto amalize shule ya msingi. Nilishampa binamu yangu mmoja alipohamia kwake. Nilijisifu sana siku ile. Kiwanja chake ni ishirini kwa ishirini, kama vya wengi. Toa nyumba, toa ukuta, toa sehemu ya gari ambalo hajalinunua, toa karo la choo. Pakabaki pembe moja, na pembe hiyo iko hatua tatu kutoka kwenye karo. Mwembe ukastawi kuliko miembe yote ya mtaa, sote tukajua kwa nini. Mwaka wa tano mfuniko wa karo ukapasuka, majani yakawa yanajaza mfereji wa bati la jirani, jirani akaanza kusalimia kwa kichwa tu. Binamu akaukata akilia. Mwembe haukuwa na kosa. Mimi ndiye niliyetoa mti bila kuuliza utasimama wapi. Siku hizi nikitaka kumpa mtu kitu cha kuota, nampa mchaichai kwenye kopo, nanyamaza.

Bahasha ningeweza pia. Watu wanaidharau bahasha, wanasema ni zawadi ya mtu asiyefikiri. Mimi naiheshimu. Mwenye nyumba inayoendelea ukimpa hela umempa mifuko mitatu ya saruji, na hakuna siku ambayo hahitaji mifuko mitatu ya saruji. Kama humjui mtu vizuri, mpe bahasha, nenda kalale. Ila mimi huyu namjua. Tumepanga chumba kimoja Buguruni tukiwa wasichana, tumepikia jiko moja la mkaa, tumevaliana viatu. Miaka kumi na tisa. Kumpa bahasha ningejisikia kama mgeni.

Ijumaa jioni nikampigia. Sikumuuliza anataka nini. Hilo swali halina jibu kwetu, ukiuliza utaambiwa "wewe njoo tu, wewe ndiyo zawadi", na ukilifuata neno hilo kwa uhalisia wake utaona cha moto. Nikamuuliza kingine.

"Shoga, tangu mmehamia, ni kitu gani kinakukera kila siku?"

Akanyamaza. Halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Choo," akasema. "Mlango wa choo hauna kitasa. Tumefunga kwa kamba, kamba imekatika. Sasa ukiingia lazima uimbe, watu wajue kuna mtu. Baba watoto anakohoa. Mama yangu amekuja tangu juzi, yeye anasoma nyiradi kwa sauti. Mimi naimba taarabu. Wewe, juzi katoto kamefungua mlango mbele ya mjumbe!"

"Kwa nini hamjaweka kitasa?"

"Hela ya kitasa ipo. Kila ikipatikana inakwenda kwenye kitu kikubwa."

Hapo ndipo nilipopata. Nyumba ikiwa inajengwa, vitu vikubwa vinakula vidogo. Hakuna anayekosa elfu ishirini na tano ya kitasa, lakini hakuna anayeiacha elfu ishirini na tano ipite bila kuigeuza tofali. Kitu kidogo kinachokera kila siku kinaweza kukaa miaka miwili kikisubiri zamu yake. Mgeni ndiye anayeweza kukirukisha foleni, kwa sababu hela ya mgeni haijaingia kwenye hesabu ya nyumba.

Nikamwambia mama yangu. Mama akaweka kisu chini, alikuwa anamenya viazi.

"Unampelekea mtu kitasa? Cha choo?"

"Ndiyo mama. Ndicho wanachokihitaji."

"Mwanangu, watu watasema umekwenda kuwaambia nyumba yao haina milango."

Nikamchekesha kwa habari ya mdogo wangu aliye Ujerumani, kwamba kule mtu akihamia nyumba mpya wanampelekea mkate na chumvi. Mama akauliza, "Chumvi? Kwani kuna hasidi?" Lakini hakuniachia. Na nikiwa mkweli, alikuwa na hoja. Zawadi inayoziba pengo ni zawadi inayosema nimeliona pengo. Ikitoka kwa bosi inauma. Ikitoka kwa wifi, hiyo ni kesi. Wifi akikuletea hata ufagio, ukoo mzima utakaa kikao kujadili alikuwa na maana gani. Kitasa cha choo kinaweza kupelekwa na mtu mmoja tu, yule ambaye ameshasimuliwa habari ya kuimba chooni. Kwa wengine wote, peleka khanga, peleka bahasha, peleka sukari kilo tano. Mama akakubali kwa sharti: khanga itolewe mbele za watu, kitasa kiende kimya kimya.

Jumamosi nikaingia duka la vifaa vya ujenzi, mahali ambapo mwanamke akiingia huulizwa kama ametumwa. Kijana wa dukani akaniuliza mlango ni wa mbao au wa chuma, una unene gani, unafungukia kulia au kushoto. Sikujua hata moja. Nikampigia shemeji, nikamtungia uongo mdogo kwamba nami nabadilisha vitasa kwangu nataka kulinganisha. Akanitumia picha na rula pembeni, mtu mzuri yule. Ndipo nikafundishwa kwamba vitasa vya choo vina aina yake: havina funguo, ndani kuna kijiti cha kuzungusha, na nje kuna kitundu au mfereji mdogo wa kufungulia kwa sarafu mtu akikwama. Kijana akanishauri nisichukue cha bei ya chini, "huo ulimi wake, dada, ni bati tu". Nikachukua cha kati.

Kitasa bila fundi ni chuma kwenye boksi. Hilo ndilo kosa ninaloliona kwenye zawadi nyingi za nyumba mpya, hata za gharama. Wafanyakazi wenzake shoga yangu walikuwa wamechanga wakamnunulia simtanki la lita elfu moja, jambo kubwa, la heshima. Nilipofika Jumapili nikalikuta limekaa chini kwenye mchanga, kwa sababu tanki linahitaji mnara, na mnara unahitaji nondo, zege na fundi. Walimpa tanki na deni. Basi nilichofanya ni kumpigia fundi wangu wa milango, aliye Mbagala, nikamlipa nusu siku pamoja na nauli. Elfu sitini ikaisha hapo, ikadai na nyongeza kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Nilivuka na pantoni mchana, khanga kwenye mfuko, kitasa kwenye mkoba, bahari imetulia. Kibada upepo haukatiki, na pale kwao mchanga ni mweupe mpaka mlangoni. Turubai lilifungwa kati ya ukuta na mnazi wa jirani. Shehe alisoma dua, baba mdogo wake akazungusha chetezo cha ubani chumba kwa chumba, hata kile ambacho bado ni kifusi, akainama akafukiza kona zote nne kama vile kuna kitanda. Hapo mimi, ambaye si Mwislamu, nililengwa na machozi. Miaka saba nimekuwa nikisikia habari za nyumba hii kwa bei: bei ya kokoto, bei ya bati, yule fundi maiko aliyekimbia na hela ya lenta. Sikuwahi kuinusa.

"Shikamoo mama," nikamwambia mama yake.

"Marahaba mwanangu. Umefika. Choo kiko kule," akasema, na akanikonyeza, "ila uimbe."

Zawadi zikafunguliwa mkekani. Saa za ukutani zilikuwa mbili, si haba. Seti za glasi tatu. Khanga yangu ilipokunjuliwa, mama mmoja jirani akaisoma kwa sauti, wakaitika "Kweliii!", na mwingine akasema huyu mgeni wa mtaa ana khanga ya amani. Nikashusha pumzi. Kitasa nilimpa shemeji nyuma ya jiko. Alifungua boksi, akakitazama, akazungusha kile kijiti mara mbili, tatu. Hakusema asante. Alisema, "Kumbe ile rula," akaingia ndani kwenda kukificha.

Fundi alikwenda Jumanne. Jioni nikapokea ujumbe wa sauti wa shoga yangu, sekunde nane, hakuna neno hata moja ndani yake, ni mlio tu: kwa. Kwa. Kwa. Kufunga na kufungua.

Jana alfajiri akapiga simu. Mtoto wa mwisho, wa miaka minne, amejifungia chooni na hataki kutoka, anaimba. Sarafu ya kufungulia kwa nje wameitafuta nyumba nzima, zote ziko kwenye kopo lake, na kopo ameingia nalo. Nikamwambia ajaribu kwa ncha ya kisu. Akasema visu bado viko kwenye boksi, chini ya glasi.